Mzee Hawks, mbona kwetu hatuongei?

Nilipotea kidogo, testi zilinibana na bumu lilikuwa halijatoka. Wikiendi hii nikajifungia hosteli na laptop ya mshikaji wangu wa chumbani, nikarudia filamu za Howard Hawks, yule mwongozaji wa Hollywood aliyefariki 1977. Nina la kusema.

Kwanza nimpe haki yake. Mzee huyu alitengeneza za majambazi, za ma-cowboy na za kuchekesha, na zote zilimkubali. Mimi naipenda zaidi His Girl Friday ya 1940. Kwenye mchezo wa jukwaani ambao ndio chanzo chake, mwandishi wa habari Hildy Johnson ni mwanaume. Hawks akamgeuza mwanamke, akampa nafasi hiyo Rosalind Russell, na dada yule anawapiga bao waandishi wote wa kiume. Wanaongea kwa kasi, huyu hajamaliza yule kashadakia. Usipokaza masikio umeachwa!

Halafu nikaweka Hatari! Jina la Kiswahili, ardhi ya Arusha. Ilipigwa kabla ya Uhuru, ikatoka 1962, wakati bendera yetu imeshapanda tangu 9 Desemba 1961. Ukamataji wa wanyama ni wa kweli, John Wayne na wenzake wamo humo garini wakifukuzana na vifaru. Nilishangilia mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Mara ya pili nikaangalia kwa jicho lingine. Mmarekani ana utani wake, Mjerumani ana mambo yake, Mfaransa naye ana mapenzi yake. Wenyeji je? Shika kamba, beba, kimbia. Dallas, mpiga picha anayeigizwa na Elsa Martinelli, anafuatwa na watoto wa tembo na kupewa jina la Mama Tembo. Jina zuri. Ila waliompa wanapita tu, hakuna hata mmoja ambaye hadithi inakaa naye.

Mshikaji akanijia juu: "Acha ualimu wewe, hiyo ni filamu tu, tena ya enzi za mkoloni." Mimi nakataa. Mtu aliyejua mwaka 1940 kumpa kiti mtu ambaye hakuandikiwa kiti, hawezi kuniambia hakujua jinsi ya kufanya. Alijua. Huku kwetu hakuona haja.

Sasa kabla hamjanipigia makofi, niseme na langu. Kwenye TP nilifundisha kidato cha pili, nikatoka darasani najiona mwalimu haswa. Mwalimu mwenyeji, mama mmoja mpole, akaniambia: "Mwanangu, dakika arobaini umetaja majina manne tu, yote ya dawati la mbele." Wa nyuma niliwatuma kufuta ubao na kugawa madaftari. Sikuwa na chuki na mtu jamani. Sikuwaona tu.

Kwa hiyo sisemi Hawks atupwe. Nasema mzitazame zote mbili, kwanza ya 1940 halafu ya 1962, kisha mjiulize nani kapewa maneno na nani kapewa kamba. Sisi wa ualimu hasa. Muhula ujao narudi darasani, na safari hii naanzia dawati la nyuma.

Naomba kutoa hoja.