Saumu Hiyo Siyo Ucha Mungu

Binti anafunga Jumatatu, Alhamisi, kisha kila siku. Magharibi anaonja sato kidogo, anakwenda kujitapisha chooni. Nyinyi mnasema mashaallah, mcha Mungu! Sisemi kila afungaye yuko hivyo. Lakini hapa Nansio, kwenye kisiwa cha samaki na muhogo, mtoto anakonda kwa kujilinganisha na picha za simuni, na aliyeanza kumwita "bonge" ni nani? Shangazi, kaka zake, nawe mama, kwenye sinia. Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza kejeli na majina mabaya. Nyinyi mnaita utani. Salman alimfanya Abu Dardaa afungue saumu yake ya sunna, kwa kuwa nafsi ina haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Huu ni ugonjwa. Mpelekeni hospitali ya wilaya, na jina hilo likome leo.