Sinema za atomiki: Shinkolobwe haikuonekana, na Belafonte alinyimwa hata busu

Filme za Marekani za miaka ya 1950 zilipenda sana mambo ya atomiki. Kulikuwa na siafu wakubwa kuliko gari katika Them! (1954), kulikuwa na wanajeshi, na maprofesa wa kueleza kila kitu. Aliyekosekana ni mtu aliyechimba uranium yenyewe. Sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa katika mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Jadotville ya wakati ule. Mwaka wa 1940 kampuni ya Union Minière ilisafirisha zaidi ya tani 1.000 za madini hayo hadi New York. Wachimbaji walikuwa Wakongomani. Hollywood haikuwatafuta.

Mchimbaji mweusi alikuja kuonekana mwaka wa 1959, lakini wa Pennsylvania. Katika The World, the Flesh and the Devil, Harry Belafonte ni Ralph, mkaguzi wa mgodi aliyefunikwa chini ya udongo. Anapotoka, sumu ya atomiki imekwisha kumaliza watu. Anafika New York, anarudisha umeme, anakutana na Sarah, msichana mzungu. Inchi nzima imebaki tupu, hakuna polisi wala jirani wa kuwasema, na bado Ralph anachagua kulala katika nyumba nyingine. Siku ya kuzaliwa kwa Sarah anamwandalia meza, kisha anakataa kukaa naye. Anajifanya mhudumu wa hoteli. Hapo filme inasema kweli: dunia imekwisha, ubaguzi umebaki.

Kisha waliotengeneza filme wakaogopa. Mzungu wa pili anatokea, bunduki zinashikwa, na mwishoni wote watatu wanatembea wakishikana mikono. Busu hakuna. Wengine watasema sheria za wakati ule zilikuwa ngumu. Lakini kanuni za Hollywood zilikuwa zimeacha kukataza mapenzi kati ya weusi na wazungu tangu 1956. Kilichobaki ni hofu ya kupoteza wateja, na hofu hiyo ilimwangukia mwigizaji ambaye kampuni yake mwenyewe ilishiriki katika kutengeneza filme.

Wajapani hawakungoja kuonyeshwa na wengine. Walitoa Godzilla mwaka wa 1954, miezi michache baada ya wavuvi wao kuunguzwa na jaribio la bomu la Marekani huko Bikini. Hata hivyo, ilipofika Marekani mwaka wa 1956, iliongezewa mwandishi wa habari Mmarekani ili asimulie kilio cha Tokyo.

 Katanga, chini ya Wabelgiji, Mkongomani hakuruhusiwa kutazama kila filme. Tume ya ukaguzi ndiyo iliyomchagulia. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuwekwa kwenye ekrani, na pengine hata kiti cha kutazamia wale siafu hakupewa.