Msiisingizie Dawa ya Kukojoza

Ukitaka kusikia hukumu ikitolewa kabla ya kesi kusikilizwa, taja vidonge vya kukojoza kwenye foleni ya kliniki ya presha mjini Embu, au kando ya meza ya muuzaji wa mitishamba pale Gakoromone, Meru. Utaambiwa vinakausha mwili, vinachosha figo, na mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu. Ushahidi nao haukosi. Kuna fulani wa Runyenjes aliyeanzishiwa dawa ya presha, ikamkojoza miaka mitatu, na sasa anapelekwa hospitalini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Nini tena kama si ile dawa?

Imani hii ni ya uongo na inaua. Inaua kwa sababu anayeiamini haendi kubishana na daktari. Anarudi nyumbani, anaweka vidonge juu ya kabati, na mwezi ujao anaapa kwamba amemeza vyote. Daktari anaona presha haijashuka, anaongeza dawa ya pili. Nayo inafuata ya kwanza kabatini.

Tuanze na huyo fulani. Siku alipopimwa kwa mara ya kwanza, presha ilikuwa imekaa naye kwa muda gani? Hakuna ajuaye, maana presha haiumi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wengi basi huingia kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na presha ya miaka mingi. Kila figo ina takriban vichujio milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa midogo mno ya damu. Presha ya juu huifanya mishipa hiyo kuwa minene na migumu, nafasi ya damu kupita inazidi kuwa nyembamba, na vichujio vinakufa kimoja baada ya kingine. Figo iliyoumia nayo hupandisha presha zaidi. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya figo zake kabla hajahisi lolote, na wakati huo ndipo anapopewa kidonge. Miaka mitatu baadaye figo zikisimama, jamaa wanakilaumu kidonge kwa sababu walikiona kila asubuhi. Presha hawakuiona.

Hata dhana yenyewe ya figo kuchoshwa haina msingi. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku, kisha zikarudisha karibu zote kwenye damu na kuacha lita moja na nusu au mbili ziwe mkojo. Kazi inayokula nguvu ni huko kurudisha, hasa kurudisha chumvi. Haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojoza inayotumika sana kwa presha, huzuia sehemu ndogo ya kazi hiyo. Chumvi kidogo inaachwa ipite, maji yanaifuata, mkojo unaongezeka. Furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, hufanya vivyo hivyo katika sehemu nyingine ya mirija ya figo inayorudisha chumvi nyingi zaidi, ndiyo maana hupewa mtu aliyevimba miguu au aliyejaa maji mapafuni kwa sababu ya moyo dhaifu. Hakuna mahali figo inapolazimishwa kufanya kazi ya ziada. Imepunguziwa.

Isitoshe, mkojo mwingi unaotokana na dawa ya presha hudumu siku kadhaa au wiki chache tu. Mwili unajirekebisha, na mtu anarudi karibu na hali yake ya zamani, ilhali presha inabaki chini kwa sababu mishipa ya damu imelegea. Hapo imani ileile inamnasa mgonjwa kwa upande wa pili. Mwezi wa kwanza aliacha dawa kwa kuwa inamkojoza mno; mwezi wa tatu anaiacha kwa kuwa haimkojozi tena, anasema mwili umeizoea.

Dawa za kundi la haidroklorothiazaidi zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo hatuzungumzii kitu kilichoingia nchini jana. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa Waafrika 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, ikichanganywa na haidroklorothiazaidi ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko wa haidroklorothiazaidi na perindopri, nayo dawa ya presha, na ililingana na ule wa amlodipini na perindopri. Haidroklorothiazaidi basi ni kidonge cha bei nafuu, na kilijaribiwa kwenye miili yetu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitangaza jaribio lingine, CLICK, ambamo wagonjwa 160 ambao figo zao tayari zilikuwa zimeharibika vibaya walipewa ama dawa ya kundi hilihili, klorthalidoni, ama kidonge kisicho na dawa. Presha ya waliopewa dawa ilishuka, na protini iliyokuwa ikivuja kwenye mkojo ikapungua. Kreatinini, kile kipimo cha figo, ilipanda kwa baadhi yao kisha ikashuka walipopunguziwa au kuachishwa dawa. Nataja hilo la kreatinini kwa makusudi, kwa sababu majibu ya maabara yakipanda kidogo namna hiyo ndiyo hutembezwa kijijini kama uthibitisho kwamba figo imekufa.

Sasa tumtazame mharibifu ambaye hashtakiwi na mtu. Mchumaji wa majani chai wa Rukuriri au Githongo ana mgongo unaouma na magoti yanayouma, na duka la dawa liko njiani. Ananunua diklofenaki, ambayo wengi huiita diklo tu, au ibuprofeni, au anachomwa sindano palepale. Haulizwi ana ugonjwa gani mwingine. Kesho anarudi, na wiki ijayo pia. Dawa hizi za maumivu hubana mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo. Kama mtu huyo anatumia pia losartani au enalapri kwa ajili ya presha, dawa hizo hulegeza mishipa inayotoa damu kwenye vichujio hivyohivyo. Akiongeza ya kukojoza, maji kwenye damu yamepungua. Damu inaingia kwa shida, inatoka kwa urahisi, na yenyewe si nyingi: figo inabaki bila msukumo wa kuchujia na inaweza kusimama ndani ya siku chache. Hapa dawa ya kukojoza ina mkono wake, wala sifichi. Lakini losartani na dawa ya kukojoza hupangwa pamoja na madaktari kila siku, na kwa usalama. Aliyeingia bila kualikwa ni diklo. Mtu mwenye presha anayeumwa mgongo aombe parasetamoli, na maumivu yakizidi akamwone daktari, asiende kaunta.

Kuhara na kutapika ni vivyo hivyo. Ukiwa na tumbo la kuendesha, au homa inayokunyima hata maji ya kunywa, mwili unapoteza maji na chumvi kwa njia nyingine, na kidonge kinaongeza upotevu huo. Piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kwa kawaida utaambiwa ukiweke kando hadi utakapokuwa unakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili, kisha urudi kwenye ratiba yako. Wakazi wa Siakago, Kiritiri na Ishiara wanaolima juani nao wajue kwamba kizunguzungu cha kusimama ghafla ni dalili ya kupima presha na kunywa maji. Mwenye moyo dhaifu aliyewekewa kiwango cha maji afuate kiwango chake, hata jua liwe kali namna gani, na akizidiwa aende kituoni.

Muuzaji wa mitishamba nimemtaja na sitamwacha. Anakikashifu kidonge kwa kuwa kinakojoza, halafu anauza chupa ya mizizi ya "kusafisha figo" na nyingi za aina hiyo hukojoza au kuharisha. Kidonge cha haidroklorothiazaidi kina miligramu zilizoandikwa, kwa kawaida 12.5 au 25, na daktari anajua kwamba kuzidisha hapo huongeza madhara kuliko faida. Chupa yake ina vipimo gani? Mnunuzi anakwenda nyumbani na dawa mbili za kukojoza badala ya moja, na ya pili hakuna anayejua nguvu yake.

Jikoni pia dawa hupingwa bila mtu kujua. Githeri linalochemshwa kwa magadi ili liive upesi lina sodiamu nyingi, hata kama ulimi hausikii chumvi ya mezani. Unameza kidonge kinachotoa sodiamu asubuhi, unairudisha kwa sahani mchana, kisha unasema dawa haifanyi kazi. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, uyaache magadi. Na miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa. Anayetafuna amwambie daktari wake bila aibu, kwa sababu presha iliyopimwa mdomo ukiwa bado na majani humfanya daktari aongeze dawa isiyohitajika. Siipigi vita miraa, inayosomesha watoto wa Maua. Nadai ukweli mbele ya anayekutibu.

Dawa hii ina hatari zake za kweli, na zinastahili kuogopwa kuliko ile ya kubuni. Haidroklorothiazaidi na furosemaidi hushusha potasiamu: mkakamao wa misuli ya miguu usiku, udhaifu, moyo kudunda ovyo. Zinaweza kuleta gauti, na haidroklorothiazaidi huweza kupandisha sukari kidogo. Kwa wazee inaweza kushusha sodiamu hadi mtu akachanganyikiwa, na familia ikadhani ni uzee. Yote haya huonekana mapema kwa kipimo kimoja cha damu cha figo na chumvi, ambacho maabara zetu hukiandika UEC, kikifanywa kabla ya kuanza dawa, kikarudiwa wiki chache baadaye, kisha angalau kila mwaka. Hapo nina ugomvi na watoa huduma pia. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine ya kukifanya, na kuna wagonjwa wanaojaziwa vidonge mwaka hadi mwaka bila kupimwa hata mara moja. Kuna wengi zaidi ambao hawajaambiwa kwamba herufi H kwenye pakiti ya losartani ni dawa ya kukojoza. Mtu anaapa kwamba hajawahi kuimeza, kumbe anaimeza kila siku. Mgonjwa asiyeelezwa ataelezwa na soko.

Na ushauri wa kula ndizi, unaotolewa kwa kila mtu katika kaunti hizi za ndizi, si wa kila mtu. Unamfaa aliyeshuka potasiamu na ambaye figo zake ni nzima. Aliyepewa spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, au ambaye figo zake zimedhoofika, huwa na hatari ya potasiamu kupanda, nayo huweza kusimamisha moyo. Kipimo kitangulie ndizi.

Nakubali kwamba si kila anayeruka dozi anaogopa figo. Mama anayepanda matatu kutoka Embu kwenda Meru, akipita Runyenjes, Chuka na Nkubu, anajua kwamba dereva hatasimama kwa ajili yake. Mchumaji anajua kwamba kwenye kituo cha kununulia majani chai huenda hakuna choo. Anaruka kidonge ili kulinda heshima yake, kisha figo inatumika kama sababu ya kumwambia daktari. Kwa huyu jibu ni saa. Kidonge humezwa asubuhi ili kisimkatizie usingizi. Siku ya safari anaweza kukisogeza hadi afike, mradi iwe kabla ya saa kumi jioni, na kesho asimeze viwili kufidia. Furosemaidi ya kumeza huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huisha baada ya takriban saa sita, kwa hiyo siku inapangika. Serikali za kaunti nazo zijenge vyoo safi kwenye stendi na vituo vya majani chai. Ni sehemu ya matibabu ya presha, hata kama bajeti ya afya haijaandika hivyo.

Mashine za kusafisha damu zilianza kusambazwa kwenye hospitali za kaunti mwaka 2015 kupitia mpango wa serikali wa kukodi vifaa, na bima ya umma, zamani NHIF na sasa SHA, inalipia huduma hiyo. Ni jambo jema. Lakini anayefika kwenye kiti kile hurudi wiki baada ya wiki, mara nyingi maisha yake yote yaliyobaki au hadi apate figo ya kupandikizwa, na wengi wao wangeweza kuzuiliwa njiani kwa kipima presha na kidonge cha bei ndogo. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa mwaka 2023, vipima presha vikiwamo. Mmoja wao huenda anapita boma lako. Mkaribishe, akupime.

Na kama tayari unatumia dawa ya kukojoza, wiki hii kusanya kila unachomeza: vidonge vya presha, vya maumivu, chupa za mitishamba, vyote. Vipeleke kliniki kwenye mfuko mmoja, uvimwage mezani mbele ya daktari, na usiondoke kabla hujapangiwa kipimo cha UEC.