Gredi ya A si hakikisho la udaktari

MATOKEO ya KCSE ya 2024 yalipotangazwa Januari 2025, watahiniwa 1,693 pekee walipata gredi ya A. Katika siku kama hizo, wazazi wengi huanza kumwita mwana daktari hata kabla hajaomba nafasi chuoni.

Kosa ni hilo. KUCCPS, inayowapa wanafunzi nafasi vyuoni, haitazami gredi ya jumla tu. Hupima pia masomo manne, Biolojia na Kemia yakiwemo. Mwenye A aweza kuachwa nje, kisha alaumiwe nyumbani.

Isitoshe, mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka wa 2024 ulihusu pia mpango wa serikali kushusha malipo ya wanagenzi kutoka Sh206,000 hadi Sh70,000. Mwana anayependelea Famasia huyajua hayo, ila haulizwi mpaka muda wa maombi umekwisha.