Likizo ndefu ya mwanafunzi wa muziki: mpelekeni kwa mzee wa litungu

Mama mmoja wa Kisaka, wilayani Serengeti, ametuma ujumbe mrefu wa sauti ambao nimeufupisha hivi. Binti yake anasoma muziki Bagamoyo, mwaka wa pili. Amerudi nyumbani kwa likizo ndefu na gitaa la kuazima. Baba yake anataka aende Mwanza akakae dukani kwa shangazi mpaka chuo kifunguliwe, “apate hata nauli ya kurudia”. Majirani nao wanauliza kama kweli kuna chuo cha kusomea kuimba, wakati kuimba kila mtu anaimba. Mama anauliza: huyu mtoto afanye nini miezi hii ili ada tunayolipa isiende bure?

Nianze na hoja ya baba, maana si ya kubezwa. Nauli kutoka Mara hadi Pwani ni fedha nyingi kwa familia ya mkulima, na binti wa miaka ishirini na kitu akisaidia kuitafuta hakuna aliyeonewa. Kazi ya duka pia inafundisha hesabu na uvumilivu wa wateja, vitu ambavyo wanamuziki wengi wanavihitaji kuliko wanavyojua. Kwa hiyo sisemi asiende Mwanza. Ninachouliza ni aende lini, na nini kifanyike kwanza.

Jiulizeni, Kisaka kuna nini ambacho Bagamoyo hakuna? Chuo kina walimu, ala na jukwaa. TaSUBa ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na vijana wa makabila mbalimbali hukutana pale wakafundishana ngoma za kwao. Siku itafika binti yenu atasimama mbele ya wenzake aambiwe: haya, na wewe wa Mara tuletee ya kwenu. Atapiga nini? Akijibu kwa wimbo wa Bongo Fleva alioujua kwenye simu, miaka miwili ya ada mtaanza kuitilia shaka hata ninyi wenyewe.

Ya kwenu ni litungu, au iritungu kama Wakuria wanavyoliita. Kwa asiyelijua, ni ala ya nyuzi nane yenye bakuli kubwa la mti lililofunikwa ngozi, na sauti yake ni nzito, ya chini, inayotetemesha kifua. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng’ombe, siku hizi wengi wanafunga nailoni. Wanaolipiga vizuri ni wazee, na kila mzee anayefariki anaondoka na namna yake ya kulitega na nyimbo zake. Mtoto aliyesoma bweni tangu kidato cha kwanza hajawahi kukaa na mzee wa namna hiyo hata wiki moja mfululizo. Likizo ndefu ndiyo nafasi yake, na imeangukia msimu ambao mavuno mengi yameshaingia ndani na mzee ana muda wa kukaa chini ya mti.

Najua swali linalofuata: litungu ni la wanaume, binti atakubaliwa? Desturi ndivyo ilivyo, na mzee anaweza kukataa. Lakini jirani zenu wa Rorya, Wajaluo, wana nyatiti, nayo ni ya nyuzi nane na kwa desturi hupigwa na wanaume. Katikati ya miaka ya 2000 alikuja Mjapani, Eriko Mukoyama, akaenda kijijini Siaya nchini Kenya kwa mzee Okumu Orengo, fundi wa nyatiti, kuomba afundishwe. Aliishi kijijini, akashika kazi za nyumbani kama binti wa pale, akajifunza. Leo anajulikana kwa jina la Kijaluo, Anyango, na anapiga nyatiti majukwaani kwao Japani na nchi nyingine. Alitoka mbali hivyo kutafuta kitu ambacho binti yenu anaweza kukipata kwa kutembea vitongoji viwili.

Hata hivyo msimtume binti peke yake. Kwa mzee anakwenda mzazi kwanza, tena baba akikubali ndiyo vizuri zaidi, maana ombi la baba mtu litapokelewa tofauti na la msichana aliyekuja na simu mkononi. Nendeni na sukari na majani ya chai. Elezeni kwamba mtoto anasoma muziki serikalini na anahitaji mwalimu wa ya nyumbani. Kubalianeni siku, kwa mfano mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali au jioni ng’ombe wakisharudi. Kisha mlipeni. Haijalishi ni kidogo kiasi gani au kama ni debe la mahindi. Mwalimu wa Bagamoyo analipwa mshahara, na sioni kwa nini mzee wa Kisaka afundishe kwa asante. Mzee akisema hapana kwa binti kushika litungu, mwombeni amruhusu asikilize, aandike na kurekodi. Wapo waliokubali la pili baada ya kuona bidii kwenye la kwanza.

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji studio. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili ujumbe usiingilie, ilazwe juu ya kitenge kilichokunjwa kwenye kigoda, hatua moja mbele ya ala, upande usio na upepo na mbali na jogoo. Kabla ya wimbo binti ataje kwa sauti jina la mzee, kijiji, tarehe na jina la wimbo, kwa sababu baada ya miaka mitano faili lenye jina la namba tupu halimsaidii mtu. Amwombe mzee apige kila uzi peke yake, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza hadi wa nane. Sauti hizo hazitalingana na za kinanda, na kijana wa chuo atashawishika kudhani litungu halijategwa sawasawa. Limetegwa. Chuo kitafurahi sana kupata vipimo hivyo. Kila jioni nakala moja iende kwenye kadi ya memori, na nakala nyingine apewe mzee mwenyewe asikilize kwenye redio yake.

Sasa sehemu ya mama, ambayo naiona kubwa kuliko zote. Maneno ya nyimbo hizo ni ya Kingoreme au Kikuria cha zamani, chenye mafumbo, majina ya ng’ombe, ya mito na ya watu waliokufa. Binti anajua lugha ya kuombea maji na kusalimia, hiyo ya ndani hana. Kaeni jioni pamoja, wewe na yeye na bibi yake kama yupo, mcheze rekodi sentensi baada ya sentensi. Aandike kwa lugha ya kwenu, chini yake maana kwa Kiswahili. Wimbo mmoja unaweza kuwachukua jioni tatu. Utashangaa nyimbo zinavyofungua mdomo wa bibi, na mambo ya ukoo utakayoyasikia kwa mara ya kwanza ukiwa na watoto wako wakubwa.

Humo mtakutana na nyimbo za tohara, zikiwemo za wasichana. Hapa niseme wazi. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na ninyi wa Serengeti mnajua vizuri kwa nini Mugumu kuna Nyumba Salama. Bibi akiimba nyimbo hizo akiwa amekaa kwenye kigoda, na kusimulia zilimfanya ajisikie vipi akiwa msichana, huo ni ushahidi wa maana na uandikwe. Kwenda kurekodi kwenye tukio lenyewe hapana, hata kama mwalimu wa chuo angesifu rekodi hiyo. Akisikia kuna linaloandaliwa, mahali pa kupeleka habari ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Jambo jingine ni la haki. Binti asipakie nyimbo za mzee mtandaoni kwa jina lake mwenyewe, wala kumpa prodyuza wa mjini azikate vipande aweke kwenye biti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za asili, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza pale biashara inapoingia. Hata bila sheria, mzee akisikia wimbo wake redioni na jina la mtu mwingine, mlango huo utafungwa kwa kila kijana atakayekuja baadaye.

Wapo watakaosema kukaa na wazee ni kumrudisha mtoto nyuma. Dk. Kedmon Mapana alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Sehemu kubwa ya utafiti wake ilihusu muziki wa kwao, Ugogo. Nchini Kenya, Ketebul Music kwa mradi wa Singing Wells wamekuwa wakibeba mitambo kijiji hadi kijiji kurekodi muziki wa namna hii. Kazi ipo kwa anayejua kuifanya vizuri.

Mazoezi ya chuo nayo yasife. Saa moja kila siku inatosha kama ni kila siku. Kama somo lake ni kinanda na nyumbani hakuna, ongeeni na mwenyekiti wa kwaya kanisani awape nafasi siku ambazo hakuna mazoezi. Kwaya itamtaka awafundishe, na afundishe kweli, hasa nota, maana kwaya zetu nyingi zinasoma do-re-mi na zikifika kwenye nota za mistari zinakwama. Kama mwalimu wa kwaya anatunga, binti anaweza kumchapia nyimbo kwa kompyuta zikaingia kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, ambako kwaya nyingi huchukua nota. Lakini kuweni macho: mwanafunzi wa muziki akirudi kijijini kila harusi inamwita akapige bure kwa kuwa “ni mtoto wetu”. Moja au mbili za ndugu, sawa. Zinazozidi hapo ziwe na bei, na mzazi ndiye wa kuisema, mtoto ataona haya.

Kazi za nyumbani afanye kama wenzake. Ombi langu ni moja tu: kama anasomea kuimba, msimweke machungani akipayukia ng’ombe kutwa nzima. Koo likikwaruzwa kwa miezi miwili atarudi chuoni kupoza sauti badala ya kusoma.

Kabla ya yote hayo, muulizeni kuhusu mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Vyuo vingi huyaweka ndani ya likizo hii, na wanafunzi husubiri mpaka wiki ya mwisho kutafuta barua. Aulize mkuu wa idara kama kazi ya kurekodi na kuandika muziki wa Kisaka inaweza kuhesabiwa. Ikikubaliwa, afisa utamaduni wa wilaya pale Mugumu anaweza kumpokea na kumsainia.

Na baba apate lake. Binti akimaliza wiki sita au saba na mzee, aende kwa shangazi kuuza duka kwa siku zilizobaki, atafute hiyo nauli. Tena njiani kutoka Musoma, kabla ya kuingia Mwanza mjini, basi linapita Kisesa. Ashuke hapo, aende Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, akaone ngoma zilivyohifadhiwa na kuandikwa majina moja baada ya nyingine. Shangazi anaweza kumsubiri mpaka jioni.