Nzi wa vyunguni hawaishi kwa dawa ya hewani

Na Mwende Kilonzo

Baridi ya Julai ikishika Buruburu, wapenda maua huwa na kilio kimoja: nzi wadogo weusi wanaorukaruka juu ya vyungu vya dirishani, wanaotumbukia kwenye chai na kutua kwenye kioo cha televisheni. Wengi hukimbilia mkebe wa dawa ya mbu. Jioni wanapuliza, nzi wanaanguka, na baada ya siku mbili wako palepale.

Wanarudi kwa sababu kizazi kinachofuata hakijaguswa. Nzi mzima huishi kama wiki moja tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha udongoni. Chokora udongo wa juu kwa kijiti, kina cha vidole viwili hivi, utakuta mabuu wembamba, mwili unapitisha mwanga, kichwa cheusi tititi. Jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 200, na kutoka yai hadi nzi ni wiki tatu au nne. Ukitaka ushahidi, laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo. Kigeuze baada ya siku mbili tatu. Kama wamo, utawakuta wamekusanyika chini yake.

Mabuu hao hula ukungu na takataka zinazooza, na wakizidi hutafuna mizizi. Ukungu na uozo hutaka unyevu, na unyevu tunauleta wenyewe. Udongo wa Eastlands ni ule mweusi wa mfinyanzi unaokumbatia maji. Tunauchota, tunauchanganya na samadi isiyoiva, tunaujaza kwenye mkebe wa rangi usio na tundu. Kisha siku ya zamu ya maji ikifika, mfereji ukitoka, tunajaza mitungi na maua nayo yanapata yake maadamu maji yapo, yawe na kiu yasiwe nayo. Tena nyumba za Buruburu zilipojengwa, kuanzia miaka ya 1970, zilikuwa na nyua zenye jua. Leo nyua nyingi zimegeuzwa maduka na vyumba vya kupangisha, na maua yamesukumwa kwenye madirisha yenye kivuli. Chungu kilicholowa Jumatatu hakijakauka Jumatatu inayofuata.

Linaloniuma ni kwamba baadhi ya mimea tunayoiozesha hivi vyunguni, kama mishubiri, ni ya kwetu. Humea yenyewe kwenye ukame wa Baringo na Laikipia. Mimea ya jamii hii huweka akiba ya maji kwenye majani, na mingi hufungua vinyweleo vyake usiku ili isikaushwe na jua. Kuimwagilia kama sukuma wiki ni kuiua kwa huruma.

Kwa hiyo acha maji. Ingiza kijiti hadi chini. Kikitoka na tope, subiri, hata kama ni wiki tatu. Hamishia mmea kwenye chungu cha udongo chenye tundu, nusu ya mchanganyiko iwe mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na juu utandaze kokoto ndogo. Kadi ya manjano iliyopakwa mafuta mazito itawanasa nzi wanaoruka wakati mabuu wanakosa unyevu.

Nisichokubali ni ile dawa ya shambani inayopimwa kwenye kichupa cha soda na kuuzwa bila lebo, ikaenda kumwagwa kwenye chungu kilicho kando ya kitanda cha mtoto. Kenya ina sheria ya dawa za wadudu tangu 1982, na bodi ya PCPB ya kuisimamia. Dawa isiyo na lebo haina pahali sebuleni.

Tena dawa salama zaidi ipo. Kuna bakteria iitwayo Bti, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, inayoua mabuu wa mbu na wa nzi hawa bila kumdhuru mtu. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wameitumia dhidi ya mbu wa malaria. Wakulima wakubwa wa maua wa Naivasha nao wamezoea kupambana na wadudu kwa viumbe hai badala ya sumu, na huagiza kwa wingi. Mtu wa Buruburu mwenye vyungu sita anahitaji kijipakiti tu cha Bti, kikiwa na lebo na maelezo kwa Kiswahili. Maduka ya agroveti ya Eastlands yaanze kukileta, na sisi wateja tukiulizie kila tunapoingia.