Wiki tatu nilizomdanganya mama

Jumamosi ijayo kuna harambee kwetu Tabaka. Binti wa mama yangu mdogo amepata nafasi ya kusoma Melbourne, anaanza muhula wa Julai, na mama mdogo amenipigia simu mara tatu wiki hii akitaka nisimame mbele ya watu nimtie moyo mdogo wangu. "Wewe ulienda Australia ukarudi mzima. Waambie." Sasa mimi ni mtu wa kuandika programu. Mbele ya watu hata jina langu nalisahau. Nimeona afadhali niyaandike hapa kwanza, halafu nione kama nitakuwa na ujasiri wa kuyasema.

Maoni yangu ni haya: kutiana moyo tunajua sana. Tunachonyimana ni habari, na wanaozinyima ni sisi wenyewe tuliokwenda.

Kwa wasiopajua, Tabaka iko South Mugirango, Kaunti ya Kisii. Ndiko yanakochimbwa yale mawe laini ya kuchonga, meupe na ya waridi. Ukinunua sanamu ya kiboko kwenye duka la watalii Nairobi, huenda imetoka kwetu. Wanaume huchimba na kuchonga, kina mama husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe linang'aa. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye vumbi hilo, na nusu ya tiketi yangu ya ndege pia.

Nilitua Perth Februari 2019. Mama alikuwa ameninunulia koti zito sana pale Daraja Mbili, mjini Kisii, kwa sababu ng'ambo ni baridi, nani asiyejua? Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka somo la jiografia: kusini mwa dunia majira yamegeuka, Februari ni kiangazi. Nilikuta joto linakaribia digrii 40, nikatoka uwanjani nimebeba koti mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mjomba naye alikuwa amenipa kiboko wa jiwe nimpe yeyote atakayenipokea, akamfunga kwa majani makavu ya mgomba kama tunavyofunga mizigo yetu siku zote. Australia hawana mchezo na vitu vya mimea. Nilikuwa nimetia alama kwenye kadi ya abiria kwamba ninavyo (fanya hivyo, usiposema ni faini), basi afisa akayachukua majani na kunirudishia jiwe. Alikuwa na haki. Lakini kiboko aliyesafiri kutoka Tabaka hadi Perth bila mkwaruzo alivunjika sikio ndani ya basi la kwenda mjini, kwa kuwa hakuwa tena na majani yake.

Sasa tuje kwenye mambo ya fomu. Wenzangu wa kompyuta, hapa mtanielewa.

Kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina lake la nyumbani na jina la baba. Lipi ni la ukoo? Pasipoti ilichagua moja, mfumo wa chuo ukachagua jingine, na benki niliyokwenda ikataka karatasi zote mbili zifanane. Kwa siku tisa nilikuwa watu wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na pesa. Fomu nyingine ilitaka anwani ya nyumbani: namba ya nyumba, jina la barabara, msimbo wa posta. Niliandika "karibu na hospitali ya misheni, Tabaka". Ikakataa, maandishi mekundu. Nikaandika namba 1 na jina la barabara niliyoibuni papo hapo. Ikakubali kwa furaha! Miaka miwili baadaye nilisoma orodha aliyoiandika Patrick McKenzie mwaka 2010, ya mambo ya uongo ambayo waandishi wa programu huyaamini kuhusu majina ya watu. Nilicheka, kisha nikakumbuka zile siku tisa na kicheko kikaisha. Tangu hapo, kila fomu ninayoiandika mimi ina sehemu moja tu ya jina, ndefu, jaza utakavyo.

Kuhusu pesa, mimi nimekua na M-Pesa. Ilipoanza 2007 nilikuwa na miaka kumi. Niliamini kwamba nchi tajiri lazima iwe mbele yetu katika hilo, na kweli wana PayID tangu 2018, unatuma kwa namba ya simu na zinafika sekunde hiyo hiyo. Ila lazima kwanza uwe na akaunti, na akaunti inataka jina, na jina nimeshakueleza. Pesa zangu zilizobaki zilikuwa Kenya, na ili kuzihamisha nilihitaji namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe kwenye laini yangu ya nyumbani. Laini haikushika mtandao kule. Kosa langu: sikuiwezesha kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka. Ni kazi ya dakika tano ukiwa Kenya. Ukiwa Perth, ndugu yangu, ni kazi ya wiki.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Nilitafuta kazi ya kuosha vyombo. Mwajiri anataka namba ya kodi, tarakimu tisa, na usipompa anakata karibu nusu ya mshahara. Namba ya kodi unaiomba kwenye tovuti, lakini inakuja kwa barua. Barua inataka anwani ya Australia. Anwani ni kukodi chumba. Ili ukodishe chumba, wakala wa nyumba anataka kuona hati ya mshahara. Hati ya mshahara inatoka kwa mwajiri. Rudi mwanzo.

Katika kazi yetu hii tunauita utegemezi wa mzunguko: A inamsubiri B, B anamsubiri C, C anamsubiri A, na programu haiwaki kamwe. Haina habari na bidii yako. Unaweza kuamka alfajiri, unaweza kusali, itaendelea kusubiri. Dawa yake ni moja: atokee mtu wa nje aipe kipande kimoja bure. Kwangu mimi alikuwa kijana wa Nyamira aliyetangulia mwaka mmoja, ambaye tulijuana kwa sababu tu ya kusikiana tukisema Kigusii kwenye foleni ya maktaba. Alinipa anwani yake niiandike kwenye fomu ya kodi, na kochi la sebuleni kwake. Nililala pale usiku kumi na mbili.

Wakala wa nyumba mmoja aliniomba pia barua ya mwenye nyumba wangu wa awali. Mwenye nyumba wangu wa awali ni mama.

Na mama ndiye niliyekuwa nikimdanganya. Perth iko saa tano mbele ya Kenya, kwa hiyo alipokuwa akimaliza kusugua mawe jioni, mimi kwangu ni usiku wa manane nimekaa kwenye ngazi ili nisiwaamshe wenye nyumba. Nilisema nina chumba, kina dirisha. Nilisema nakula vizuri. Nilikuwa nakula mkate na ndizi, tena ndizi zao zile zisizo na ladha, kwa mtu wa Kisii ni matusi. Jumapili moja nilipanda Kings Park, nikapiga picha majengo ya mji yakiwa nyuma yangu na mto unang'aa, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ikapokewa kwa amina nyingi. Mtu akaichapisha karatasini. Mpaka leo iko ukutani kwa mama mdogo.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu watu walitoa mia mbili mbili za mawe. Ungewaambiaje kwamba uko kwenye kochi? Nikiuliza wenzangu waliosoma Marekani au Uingereza, wote walifanya hivyo hivyo. Huu si upole, kama tunavyopenda kujiambia. Programu inayoficha hitilafu zake na kuandika "sawa" kwenye kumbukumbu ni mbaya kuliko ile inayoanguka kwa kelele, kwa maana inayokuja baada yake inajengwa juu ya ile "sawa". Picha yangu ya Kings Park ndiyo bajeti anayoitumia mama mdogo sasa hivi. Nimeiona bajeti yenyewe. Ina karo, ina viza, ina tiketi, ina bima. Baada ya uwanja wa ndege, haina kitu.

Naomba nieleweke. Sizungumzii wizi. Wizi upo. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipa kupitia mpango wa kaunti yao watoto wakasome Finland na Kanada wanaujua uchungu wake. Kuna watoto waliokwisha kufika Finland ndipo wakaambiwa karo haijafika, na Agosti 2023 waliohusishwa na mpango ule wakafikishwa mahakamani. Mimi nazungumzia safari ambayo kila mtu ndani yake ni mwaminifu, karo imelipwa, viza ni halali, na bado mtoto analala kwenye kochi.

Na siku hizi ni ghali zaidi kuliko nilivyokwenda mimi. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia. Julai 2024 ikawa 1,600, Julai 2025 ikawa 2,000, na ukikataliwa hurudishiwi. Tangu Mei 2024 lazima uonyeshe dola 29,710 za kuishi kwa mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Piga hesabu, ni karibu milioni mbili na nusu za kwetu. Familia inajikamua, inakopa, inafika hapo imeishiwa pumzi, na kila mtu anadhani mlima umekwisha. Kumbe chumba kinasubiri. Mimi Perth nilidaiwa amana ya wiki nne na kodi ya wiki mbili mbele kabla ya kushika ufunguo, na dada atakuta kitu cha namna hiyo Melbourne. Kazi atafanya, ndiyo, mwisho saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa masomo, lakini mshahara wa kwanza hauji wiki ya kwanza.

Mama mdogo ananijibu kwamba nikisema haya watu watafunga mifuko na mtoto ataogopa. La kwanza sina jibu nalo. La pili, mtoto ameshaogopa. Juzi saa sita usiku aliniandikia: "Kaka, nikifika usiku nalala wapi?" Hilo ndilo swali la mtu mwenye akili timamu. Wakala wake alikuwa amemtumia video ya daraja la Sydney, ambako hata haendi.

Sitaki kumjaza giza tu. Mhadhiri wangu wa kwanza alinisihi nimwite kwa jina lake la kwanza kama wenzangu, nami nikashindwa mwaka mzima, ulimi ulikataa, lakini mlango wake ulikuwa wazi kweli. Na katika wiki ya pili, nikiwa maktaba kwa sababu ya kiyoyozi tu, nilisoma kwamba Moodle, ile programu ambayo rafiki zangu katika vyuo vya Kenya huwekea kazi zao, ilianzia Perth hapo hapo. Martin Dougiamas aliyeianzisha alikulia jangwani, masomo yake ya utotoni akiyapata kwa redio. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2002. Siku ile nilihitaji sana kusoma habari za mtu aliyekuwa mbali na shule.

Kwa hiyo Jumamosi nitaomba bahasha ya pili. Kodi ya wiki sita, isiguswe na karo, isiguswe na sherehe ya kumuaga. Nitaomba pia kwamba mpaka muhula wa kwanza uishe, mtu yeyote asimpigie kumwomba simu, viatu wala mchango wa mazishi. Najua ninavyoonekana nikisema hilo Tabaka. Na ile picha nitaiomba iondolewe ukutani, au basi niandike nyuma yake tarehe na mahali nilipolala usiku ule.

Mimi nilikamatwa wiki ya tatu. Simu ikaita, jina likatokea: Baba. (Kwetu Kigusii "baba" ni mama, na baba ni "tata". Wasio Wagusii wakiiona simu yangu huchanganyikiwa.) Nikamwambia nimekula. Akanyamaza kidogo. "Mbona siku hizi unasema umekula kabla sijauliza?" Nikashindwa kuendelea. Nikamwambia kochi, mkate, benki, yote. Hakulia, wala hakunipa moyo. Aliuliza kama angalau lile koti linanisaidia usiku. Nikamwambia ndilo mto wangu.

Koti bado ninalo. Nimeangalia hali ya hewa ya Melbourne mwezi wa Julai. Safari hii litavaliwa.